Kudura na Maji ya Bondeni

Miongoni mwa vifo ambavyo dini hutakiwa kuvitafutia maana, vile vinavyoletwa na maji yasiyo salama, vyoo duni na mikono isiyooshwa vina ugumu wa pekee, kwa sababu chanzo chake kinajulikana, kinga yake inajulikana, na ujuzi huo una zaidi ya karne moja na nusu, lakini vinapotokea, msibani husikika maneno yale yale yanayosemwa juu ya mtu aliyepigwa na radi au mzee aliyemaliza umri wake: siku zake zilikuwa zimefika, kazi ya Mungu haina makosa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.4 walikufa vifo ambavyo maji salama, vyoo vinavyofaa na kunawa mikono vingeweza kuvizuia; zaidi ya milioni moja kati yao waliuawa na magonjwa ya kuhara, na watoto wapatao 395,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Linaloulizwa hapa ni kama muumini anayesema kwa moyo safi kwamba kifo cha mtoto wa namna hiyo ni mapenzi ya Mungu anasema kweli, na kama anasema kweli, je, ukweli huo unamwondolea binadamu yeyote lawama?

Ni vyema swali hili lishushwe mahali mahususi, kwa kuwa likiachwa katika nadharia hugeuka upesi kuwa mabishano ya wanazuoni. Mbuya ni kilima cha mashariki ya Kampala, katika Tarafa ya Nakawa. Juu yake kuna majumba yenye kuta ndefu na bustani, kuna kanisa katoliki la Bibi Yetu wa Afrika, na kuna kambi ya jeshi pamoja na hospitali yake, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya askari na familia zao kwa vizazi kadhaa. Chini ya kilima kuna Kinawataka, mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyobanana kandokando ya kinamasi chenye jina hilo hilo, ambacho maji yake huteremka hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Mpangilio huu ni wa Kampala nzima: vilima vilichukuliwa na watawala na nyumba za ibada, kama Mengo, Namirembe, Rubaga na Kibuli vinavyoshuhudia, na mabonde yakabakia kwa waliokuja baadaye kutafuta kazi. Yanayomwagwa juu hupita kwa walio chini kabla ya kufika ziwani, na ni katika ghuba hiyo hiyo ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji, ikayasafisha na kuyapandisha tena kwa mabomba vilimani.

Mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi wa Kampala. Wengi hutegemea choo cha shimo. Katika mabonde maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, kiasi kwamba shimo halichimbwi kwenda mbali kabla ya kukutana nayo, na kwa sababu hiyo choo hujengwa juu ya ardhi: tanki la matofali huinuliwa hadi kimo cha kifua, mtumiaji hupanda ngazi, na sehemu ya chini ya tanki huachwa tundu lililozibwa. Choo kimoja hutumiwa na kaya nyingi, kwa hiyo hujaa upesi. Gari la kunyonya kinyesi halipiti kwenye vichochoro, na pale linapoweza kufika, gharama yake humshinda mpangaji na mwenye nyumba hataki kuibeba. Basi mvua kubwa inaponyesha tundu huzibuliwa, na kilichokuwa ndani huondoka na mafuriko. Kwenye bonde hilo hilo kuna chemchemi iliyohifadhiwa, maana yake chemchemi ambayo jicho lake limezungushiwa mawe na changarawe, likafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, likajengewa ukuta wa saruji wenye bomba fupi, na juu yake kukachimbwa mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Uzio ukivunjika na mfereji ukiziba, hifadhi hiyo hubaki jina tu. Uchunguzi uliofanywa katika chemchemi za Kampala umeonyesha mara kwa mara kuwapo kwa bakteria wa kinyesi, wakiongezeka baada ya mvua, ingawa maji yanayoingia katika jerikeni la njano huonekana maangavu na huwa baridi kinywani. Mtu huyateka kwa sababu hayalipiwi, ilhali maji ya bomba, yakishapita mikononi mwa mchuuzi, huuzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile iliyowekwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka. Kipindupindu kilichoingia Kampala na mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka 1997, na homa ya matumbo ya mwaka 2015 ambayo watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuipata, vilipita katika njia hizi.

Kudura, yaani imani kwamba hakuna linalotokea nje ya elimu na uwezo wa Mungu, ni mojawapo ya nguzo za imani ya Kiislamu, na asiyeielewa huidhania kuwa ni kukunja mikono. Historia ya Waislamu wenyewe inakanusha dhana hiyo. Tauni ya Amwas ilipozuka Shamu, karibu na mwaka 639, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda huko, na baada ya mashauriano akaamua kuwarudisha watu wake; Abu Ubaida, jemadari wake, akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu, na Umar akajibu kwamba anatoka katika kudura moja na kuingia katika nyingine, akatoa mfano wa mchungaji aliyefika na ngamia wake katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kudura, lakini uchaguzi wa upande ni wake. Jibu hilo halipunguzi uwezo wa Mungu hata kidogo. Linachofanya ni kumweka binadamu mahali pake, kwa kuwa njia ya kuepuka madhara nayo imekadiriwa, na anayeiacha hawezi kuisingizia kudura.

Fikihi, ambayo ni elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, inalisogelea jambo hili kwa ukaribu usiotarajiwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, maji yasiyofikia kiwango cha kula mbili, ambacho wanazuoni wa siku hizi hukikadiria kuwa takriban lita 200, huhesabiwa kuwa yamenajisika pale tu najisi inapoyaingia, hata kama rangi, ladha na harufu yake hazikubadilika. Jerikeni lina lita 20. Kwa hiyo wanazuoni waliotangulia hadubini kwa karne nyingi walikwishakataa kuliachia jicho pekee hukumu ya maji machache. Ipo vilevile hadithi mashuhuri inayowaonya watu wasijitafutie laana kwa kujisaidia mahali wanapoteka wengine maji, njiani na kivulini, na ni vigumu kuisoma bila kuliona tundu lile lililozibuliwa usiku wa mvua. Upande wa pili, Mtume alimhesabu anayekufa kwa ugonjwa wa tumbo miongoni mwa mashahidi, yaani mtu huyo, ingawa huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, ana ujira wa shahidi huko Akhera. Fundisho hili ni faraja kubwa kwa mama aliyefiwa, na asitokee mtu wa kumnyang'anya. Lakini daraja ya aliyekufa haimtakasi aliyesababisha: anayeuawa kwa dhuluma naye huhesabiwa shahidi, na hakuna mwanazuoni aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo muuaji hana kesi.

Ukristo nao umerithi swali hilo hilo katika sura nyingine. Injili ya Luka inasimulia kwamba mnara ulipoanguka Siloamu na kuwaua watu 18, Yesu alikataa wazo la kwamba marehemu walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na katika Yohana anakataa vilevile kwamba upofu wa mtu aliyezaliwa kipofu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Kwa hayo, ile hukumu inayotolewa kwa sauti ya chini dhidi ya watu wa bondeni, kwamba wanakufa kwa uchafu wao, inapoteza msingi wake wa kidini. Nabii Ezekieli anakwenda mbali zaidi katika sura ya 34, anapowashutumu kondoo wanono ambao, wakishakunywa maji maangavu, huyavuruga kwa miguu yaliyosalia, na wenzao hulazimika kunywa hayo hayo. Nabii hakulalamikia kiu yao, maana kunywa si kosa. Alilalamikia hali ambayo waliyaacha maji nayo.

Historia ya kinga ya kipindupindu yenyewe ina kasisi ndani yake. Daktari John Snow alipodai mwaka 1854 kwamba pampu ya Broad Street, London, ndiyo iliyokuwa ikisambaza ugonjwa, Henry Whitehead, kasisi kijana wa parokia ya hapo, alianza uchunguzi akiwa na nia ya kumpinga. Lakini kwa kuwa alizijua nyumba za waumini wake mlango kwa mlango, ndiye aliyegundua kwamba maji yaliyofulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa jirani kabisa na kisima. Elimu ya daktari ilikamilishwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzuru wafiwa. Mbuya ina mfano wake mwenyewe wa imani ya namna hiyo: katika parokia ya Bibi Yetu wa Afrika ndimo ilimoanzishwa mwaka 2001 huduma ya Reach Out Mbuya kwa ajili ya wenye virusi vya Ukimwi, wakati ambapo dawa zilikuwa hazijawafikia maskini na wengi walikwishauita ugonjwa huo adhabu. Parokia iliyokataa ugonjwa ule uitwe adhabu haina sababu ya kukubali kuhara kuitwe bahati mbaya.

Kabla ya dini hizi mbili kufika, Waganda walikuwa na maelezo yao. Masimulizi ya Kintu na Nambi yanasema kwamba kifo kilikuja duniani kupitia Walumbe, ndugu yake Nambi, aliyewafuata pale dada yake aliporudi mbinguni kuchukua ulezi wa kuku wake; na tauni ilikuwa na mungu wake, Kaumpuli. Mkenya John Mbiti, padri wa Kianglikana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere kati ya mwaka 1964 na 1974, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika jamii nyingi za bara hili kifo, hasa cha kijana, hakikubaliwi kuwa kimetokea chenyewe: sababu ya kimwili huweza kujulikana, lakini watu huendelea kuuliza aliyeileta. Wamisionari na walimu wa sayansi waliliona swali hilo kuwa la ushirikina, wakafundisha watu waulize ni nini kimemuua mtoto, na jibu likawa bakteria, na wahubiri wakaongeza kwamba juu ya bakteria yuko Mungu. Baina ya majibu hayo mawili binadamu akatoweka. Bakteria hashtakiki na Mungu hahukumiwi. Ndiyo maana inafaa kusemwa wazi kwamba wazee walioshikilia kuuliza nani walikuwa wameshika swali sahihi, ingawa mara nyingi walimtafuta mhusika mahali pasipo pake, wakamtesa mjane au jirani asiye na hatia kwa tuhuma za uchawi. Kuhusu kifo kinachotokana na maji ya bondeni, mhusika yupo, ila si mmoja.

Hapo ndipo pingamizi zito hutokea, kwamba penye wahusika wengi hakuna mhusika, na kwamba neno kuua halimfai mtu ambaye hakumjua marehemu wala kumtakia ubaya. Johan Galtung, mwanazuoni wa Norwei, alilijibu mwaka 1969 alipofafanua ukatili wa kimfumo, akimaanisha madhara yanayowapata watu kutokana na jinsi jamii ilivyopangwa, pasipo mkono wa mtu mmoja kuonekana: aliyekufa kwa kifua kikuu katika karne ya 18 hakuonewa na mtu, kwa kuwa tiba haikuwapo, lakini anayekufa kwa ugonjwa huo ilhali tiba ipo ametendewa ukatili. Zaidi ya karne mbili kabla yake, baada ya tetemeko la Lisbon la mwaka 1755, Rousseau alikwishamwandikia Voltaire kwamba asili haikuwajengea watu wa mji ule maelfu ya nyumba za ghorofa zilizosongamana. Kuhusu Kinawataka wahusika wanaweza kutajwa kwa nafasi zao: mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba kumi na kuwapa wapangaji choo kimoja asichokitapisha, mchuuzi anayelipandishia bei jerikeni, ofisi inayoidhinisha ramani za kilimani na kuliacha bonde bila mfereji, na mkazi wa juu ambaye hajawahi kuuliza tanki lake la majitaka humwagwa wapi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inayataja maji safi na salama miongoni mwa mambo ambayo dola inapaswa kuhakikisha raia wanayapata, kwa hiyo hata dola haiwezi kusema haikuambiwa. Hatia hizi hazilingani, na mtu anayezilinganisha humpunguzia mzigo mwenye uwezo na kumtwisha asiye nao; mpangaji anayezibua tundu usiku ana sehemu yake, lakini ni sehemu ya mtu ambaye milango mingine yote ilikwishafungwa.

Fikihi ina jina la wajibu wa aina hii: fardhi kifaya, yaani faradhi iliyo juu ya jamii nzima, ambayo wakiitekeleza baadhi yao wengine husamehewa, na isipotekelezwa na yeyote wote huwa na dhambi. Mfano wake unaojulikana na kila mtoto wa madrasa ni kuosha, kukafini, kusalia na kuzika maiti. Jambo hili linatekelezwa Kampala kwa ukamilifu wa kusifiwa: mtoto akifariki alfajiri, kabla ya jua kuzama watu wamekwishachanga sanda na nauli, na kati ya Waganda wa dini zote mabugo, mchango wa rambirambi, hukusanywa na kuandikwa daftarini bila kumpita jirani. Fedha za misiba michache ya mtaa mmoja zingetosha kutapisha vyoo na kuirudishia chemchemi uzio wake. Jamii inayoweza kuukusanya umma ndani ya saa chache kwa ajili ya maiti imekwishathibitisha kwamba uwezo inao, na kwa sababu hiyo udhuru wa kutoweza haupokelewi kwake.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21, inaamuru kwamba maiti akikutwa shambani na muuaji hajulikani, wazee watoke na kupima umbali kutoka alipolala hadi miji iliyo jirani, na wazee wa mji ulio karibu zaidi waende bondeni penye maji yatiririkayo, wanawe mikono yao na kutamka mbele ya Mungu kwamba damu hiyo haikumwagwa nao. Sheria hiyo haikusubiri mshitakiwa apatikane ndipo jamii iwajibike; ukaribu ulitosha. Kwa Mbuya vipimo hivyo ni vyepesi. Wataalamu wa maji hushauri choo kisiwe chini ya mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kamba ya urefu huo hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Halmashauri ya parokia, kamati ya msikiti na mwenyekiti wa LC1, ambaye ni kiongozi wa serikali ngazi ya kijiji, wanaweza kushuka pamoja Jumamosi moja wakapima kila choo na kila chemchemi, wakaandika majina ya wenye nyumba, wakayapeleka kwa Mamlaka ya Jiji la Kampala, na kabla ya kujibiwa wakaanza wenyewe kufukua mfereji kama Waganda walivyofanya tangu zamani katika bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kutunza barabara na visima. Msimu wa mvua za vuli huanza Septemba. Kiongozi wa dini ambaye hajashuka kupima kabla ya hapo asisimame kaburini mwezi Novemba na kuwaambia wafiwa kwamba ni kazi ya Mungu.